Kazini nimeambiwa nimwandikie mbunge wa Kongresi aitetee hospitali. Hapo namtetea mgonjwa au namtetea mwenye hospitali?

#1 NesiWaUsiku

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa mnaofanya kazi hospitalini huku Marekani.

Nipo Iowa, mji mdogo uliozungukwa na mahindi na mabanda ya nguruwe. Mimi ni nesi msaidizi, zamu ya usiku, huu mwaka wa sita. Hospitali yetu ina vitanda 25. Wiki iliyopita uongozi umetutumia wafanyakazi wote barua pepe: bonyeza hapa, weka jina na msimbo wa posta, barua itaenda yenyewe kwa mbunge wako. Barua imeshaandikwa, kinachokosekana ni jina langu tu. Ndani yake kuna mambo matatu. La kwanza, makato ya Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, yataumiza wagonjwa. La pili, mbunge aulinde mfuko wa 340B. La tatu, apinge "malipo sawa bila kujali mahali".

La kwanza nalielewa, nawaona wenye Medicaid kila usiku. Hayo mengine mawili sijui hata yanaliwa na nini.

Kinachonisumbua ni kwamba mwaka jana wamefunga wodi ya wazazi. Walisema hailipi. Nikipita usiku kwenda stoo navikuta vile vitanda vya plastiki vya vichanga vimesukumwa ukutani, vimefunikwa shuka, na kwenye kimoja bado kuna kikadi cha waridi cha kuandikia uzito wa mtoto. Sasa mjamzito wa hapa anaendesha gari dakika 50, na Januari barabara ni barafu tupu. Wakati wa kufunga hatukuulizwa. Leo tunatakiwa tuwasemee.

Msimamizi wangu ameshaniuliza mara mbili kama nimebonyeza. Je, hospitali zikienda Washington zinamsemea mgonjwa au zinajisemea zenyewe? Halafu mimi nina kadi ya kijani ya ukaazi tu, si raia. Naruhusiwa kumwandikia mbunge?

#2 Mkamba_Dallas

Dada, la mwisho ni rahisi. Unaruhusiwa. Haki ya kupeleka malalamiko serikalini imo kwenye nyongeza ya kwanza ya Katiba yao, nayo haijasema raia peke yake. Mbunge anawakilisha kila anayeishi jimboni mwake. Kura ndiyo huna.

Kwa hayo mengine, mimi ningebonyeza. Nipo Texas, jimbo lililokataa kupanua Medicaid iwafikie maskini zaidi, nimekuwa nesi wa dharura tangu 2014. Ninayoyaona kwenye korido hutaki kuyaona huko Iowa.

#3 Pilipili Kichaa

Usibonyeze. Chama cha hospitali cha Marekani, AHA, kinatumia zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka kuwashawishi wabunge. Mwenye hela hizo anataka jina la nesi msaidizi la nini? Anataka sura yako, kwa sababu sura ya mkurugenzi haimtoi mtu machozi.

#4 KitabuChaBili

Nafanya kazi ya kuandaa bili za hospitali hapa Columbus, Ohio, mwaka wa tisa, kwa hiyo ngoja niweke mambo mezani kabla hatujagombana.

340B si mfuko, mleta mada. Hakuna chungu cha pesa mahali. Ni sheria inayowalazimisha watengeneza dawa waziuzie kwa bei ya chini hospitali zinazohudumia maskini wengi, dawa za wagonjwa wasiolazwa. Hospitali inanunua kwa punguzo, bima inailipa bei ya kawaida, na tofauti inabaki hospitalini. Hapo ndipo vita ilipo. Hospitali zinasema ile tofauti ndiyo inayotibia wasio na bima. Watengeneza dawa wanasema tuonyesheni ilikokwenda. Na ukweli ni kwamba sheria haikuzilazimisha hospitali kuonyesha kila dola imetumikaje.

"Malipo sawa bila kujali mahali" nakueleza kwa bili iliyopo mkononi mwangu. Mama mkwe wangu ana daktari wa ngozi, chumba kile kile, kiti kile kile, miaka minne. Bili za zamani zilikuwa na mstari mmoja, wa daktari. Mwaka juzi hospitali ikaununua ule mlango, yaani ofisi nzima ya daktari. Wamebadilisha kibao cha nje na rangi ya kalamu za mapokezi, basi. Bili iliyofuata ikaja na mistari miwili: daktari, na chini yake ada ya kituo, dola 214. Amekaa kwenye kiti kile kile! Sasa Kongresi inapotaka Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilipe sawa, iwe ni ofisi ya daktari au mlango wa hospitali ulio nje ya jengo kuu, hospitali zinapinga. Huo ndio mjadala.

Nakula mshahara wa hospitali na nasema hivi hadharani: kwenye hili la mlango sina jinsi ya kuwatetea.

#5 Kipepeo21

340B ni ya Obama, sivyo? Ndiyo maana Republican hawaipendi.

#6 KitabuChaBili

@Kipepeo21 hapana, ni ya 1992, Bush baba akiwa rais. Ila umekosea nusu tu. Hospitali ndogo za vijijini kama ya mleta mada ziliingizwa na sheria ya Obama ya 2010. Na usigawe kwa vyama, maana kuna wabunge wa Republican wa vijijini wanaoilinda kama mboni ya jicho.

#7 Mzee wa Baraza

Salaam. Vijana mnaanzia mwisho. Nipo North Carolina tangu 1979, nimestaafu kazi ya maabara. Turudi nyuma kidogo.

Hospitali na Washington waliunganishwa kitovu mwaka 1946, kwa sheria iliyoitwa Hill-Burton. Serikali kuu ilimwaga pesa kujenga hospitali nchi nzima, hasa vijijini, na sheria yenyewe ikaruhusu hospitali za weupe na za weusi zijengwe mbalimbali, mradi eti ziwe sawa. Hapa Greensboro daktari wa meno mweusi, George Simkins, alikuwa na mgonjwa aliyehitaji kulazwa, na hospitali zilizojengwa kwa pesa za serikali zikamkataa. Akafungua kesi yeye na wenzake, na mwaka 1963 mahakama ya rufaa ikasema kipengele hicho kinavunja Katiba.

Kisha ikaja Medicare mwaka 1965. Ilipoanza kulipa 1966, serikali ikasema: anayetaka pesa hii aondoe ubaguzi wodini. Hospitali zaidi ya 1,000 zilichanganya wagonjwa ndani ya miezi michache tu. Nimefanya kazi na wazee waliozishusha mbao za "Colored", yaani za weusi, kwa mikono yao. Mmoja aliniambia waliambiwa Ijumaa, na Jumatatu ukuta ulikuwa na matundu manne ya misumari.

Kwa hiyo @Pilipili Kichaa, mimi Washington siioni kama mahali pa hongo tu. Na @NesiWaUsiku, usidhani hospitali zikinyamaza ndipo mgonjwa anapona. Swali ni nani mwingine yuko chumbani wakati zinaongea.

#8 Manzese Juu

Mzee, hiyo ya matundu ya misumari nimeisoma mara mbili. Shukrani.

Mimi niko Dar, niulize kitu. Kwetu hospitali binafsi na mfuko wa bima wakigombana, ni hapa hapa. Machi 2024 NHIF ilileta bei mpya, hospitali binafsi zikasimamisha huduma kwa wenye kadi kuanzia tarehe 1. Nilikuwa na mtoto ana homa siku hiyo, nikageuzwa getini na kadi mkononi, nikalipa taslimu kituo cha jirani. Hakuna aliyenitumia barua ya kubonyeza. Kumbe huko wanapigana kwa barua?

#9 Mkamba_Dallas

@Manzese Juu na Kenya ni vivyo hivyo. SHA, bima mpya ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF ya kwetu Oktoba 2024, watu wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na hospitali za kibinafsi zinalia madeni. Shangazi yangu Kitui aliambiwa alipe kwanza, "mfumo" uko chini.

#10 Pilipili Kichaa

Jamani uzi ni wa Marekani, msiuhamishie Kitui 😂

#11 Mkamba_Dallas

Kitui ni kila mahali. Rudini kwenye mada basi.

Nijibu #3 na #4 kwa pamoja. Kuna sheria ya 1986 inaitwa EMTALA. Kila hospitali yenye chumba cha dharura inayopokea Medicare lazima impime anayeingia na kumtuliza hali yake, awe na bima au hana, awe na karatasi au hana. Ni sheria nzuri, na mimi ndiyo inayonifanya nilale usingizi. Lakini Kongresi ilipoiandika haikuweka senti ya kuilipia. Mwezi uliopita niliingiza mwanaume, fundi wa paa, kaanguka, hana bima. Siku 11 ICU. Nani amelipa? Hospitali imetafuta kwenye mifuko yake: bima za watu wengine, 340B, hiyo ada ya mlango unayoilaani. Ukikata kimoja, utuambie na sisi wa dharura tukate nini.

#12 KitabuChaBili

@Mkamba_Dallas hoja yako naiheshimu, lakini ada ya mama mkwe wangu haiendi kwa fundi wako wa paa. Inaingia kwenye hesabu ya jumla, na humo kuna fundi wa paa, kuna kununua milango mingine mitano, kuna mshahara wa mkurugenzi. Sisi wa bili hatuoni kamba inayounganisha dola hii na mgonjwa yule.

Nikiwatendea haki hospitali: Medicare inalipa chini ya gharama. Hata MedPAC, tume inayoishauri Kongresi, hesabu zake zinaonyesha hospitali kwa ujumla zinapata hasara kwa wagonjwa wa Medicare. Upande wa pili, utafiti wa RAND uliotoka 2024 ulikuta bima za waajiri zinalipa wastani wa asilimia 254 ya bei ya Medicare. Wengine wanasema bima zinatozwa sana kwa sababu serikali inalipa kidogo. Wengine wanasema hospitali kubwa zikishawameza washindani wao zinatoza zitakavyo, gharama zinavimba, halafu bei ya serikali ndiyo inaonekana ndogo. Nimewasikiliza wote miaka tisa, na bado naona kila mmoja ana kipande.

#13 Mama Uvira

Jambo kwenu. Ninasoma polepole, miye si mtu wa hesabu. Niko Louisville, Kentucky. Tulitoka Uvira, Kongo, tukakaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka 11, halafu tukaletwa hapa 2016.

Ndugu yangu alifika Desemba 2024, wa mwisho mwisho kabla hawajafunga mlango wa wakimbizi. Figo zake zimekufa. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, ana Medicaid. Kadi ya kijani ameomba, hajajibiwa. Kwenye kanisa wanasema kuna sheria mpya, wakimbizi tutatolewa kwenye Medicaid. Ni kweli ama ni maneno ya watu? Na hiyo barua ya dada wa Iowa inasema chochote juu yake?

#14 KitabuChaBili

Mama, pole sana. Ni kweli. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025 inasema kuanzia 1 Oktoba 2026 Medicaid ya pesa za shirikisho ibaki kwa raia, wenye kadi ya kijani na makundi machache mengine. Mkimbizi ambaye bado hana kadi ya kijani ametolewa. Kwa hiyo kadi ya ndugu yako ndiyo kitu cha kufuatilia kila wiki. Nenda na barua zake zote kwa afisa ustawi wa jamii wa kituo anachosafishwa damu. Kila kituo kinaye, na hii ndiyo kazi yake. Mwambie tarehe hiyo, usingoje akwambie yeye. Muulize pia kuhusu Medicaid ya dharura, maana majimbo yanatofautiana, mengine yanahesabu kusafisha damu kuwa dharura na mengine hapana. Na shirika lililowapokea lina watu wa sheria, waende nao.

#15 Mama Uvira

Asante mwanangu. Kesho asubuhi niko pale.

#16 NesiWaUsiku

Mama Uvira, nimetoka zamu sasa hivi na nimeifungua tena ile barua kwa ajili yako. Nimeisoma yote. Neno mkimbizi halimo.

#17 Pilipili Kichaa

Ndicho nilichosema #3. Wanakwenda na mgonjwa mlangoni, wakishaingia wanamwacha kwenye kiti cha wageni.

#18 Mzee wa Baraza

Si haki hiyo, Pilipili. AHA na vyama vingine vya hospitali viliipinga sheria hiyo yote waziwazi. Makadirio ya ofisi ya bajeti ya Kongresi ni kwamba watu milioni 10 zaidi watakosa bima ifikapo 2034, na hospitali ndizo zilizoisambaza namba hiyo kila kona. Barua ya kubonyeza ni fupi, haiwezi kubeba kila mtu.

#19 Pilipili Kichaa

Walipinga, lakini tazama walichorudi nacho. Mwenye kujua kuhusu ile tozo ya hospitali aeleze, mimi nikieleza mtasema nina chuki.

#20 KitabuChaBili

Haya. Medicaid hulipwa kwa kuchangiana, jimbo linatoa sehemu na Washington sehemu. Chukua jimbo ambalo Washington inalipa 60 katika kila 100. Jimbo halina 40 zake, basi linazitoza hospitali 40, linaziweka mezani, Washington inaongeza 60, na zote 100 zinarudi hospitalini kama malipo ya Medicaid. Jimbo halijatoa kitu, hospitali zimetoka na 60 juu. Wapinzani wanauita mchezo wa mfukoni. Hospitali zinasema bila huo Medicaid ingelipa bei ya kuzika watu.

Sheria ya 2025 imeshusha kikomo cha tozo hiyo kwa majimbo yaliyopanua Medicaid, kutoka asilimia 6 ya mapato ya hospitali hadi 3.5 ifikapo 2032, nusu asilimia kila mwaka. Kwenye rasimu ya Seneti kushuka kulikuwa kuanze 2027, ikasogezwa hadi 2028. Na ukaongezwa mfuko wa vijijini wa dola bilioni 50 kwa miaka 5. Hivyo ndivyo vilivyopatikana dakika za mwisho. Makato ya wakimbizi na sharti la kufanya kazi saa 80 kwa mwezi, linaloanza Januari 2027, vilibaki.

Wengine husema hospitali zilipigania zaidi tozo kuliko watu. Wengine, na bosi wangu yumo, husema lile la tozo lilikuwa na maseneta wa vijijini walio tayari kusikiliza, na la wakimbizi halikuwa na hata mmoja. Sijui nani yuko sahihi, nawaachia.

#21 Kipepeo21

Bilioni 50 si nyingi? Hospitali ya dada si itafungua tena wodi ya wazazi?

#22 Mkamba_Dallas

Kwa miaka 5, majimbo yote 50, nusu yake inagawanywa sawa kwa sawa. Texas yenye vijiji kama nyota inapata kwenye hiyo nusu sawa na jimbo dogo kama Rhode Island. Na zinakwenda kwa jimbo kwanza, siyo kwa dada. Hospitali zaidi ya 100 za vijijini zimeshafungwa au kuacha kulaza watu tangu 2010. Usitegemee.

Nimekumbuka jambo lingine, na hili hospitali wanatusemea sisi wenyewe. Rais ameweka ada ya dola 100,000 kwa visa mpya ya H-1B, ile ya kazi ya muda ya wataalamu, Septemba 2025. AHA wameandika kuomba wahudumu wa afya wasamehewe. Tungekuja vipi kina sisi manesi wa Kenya?

#23 Mzee wa Baraza

Sahihisho dogo, Mkamba. Manesi wengi hawaji kwa H-1B. Kazi nyingi za unesi hazikidhi masharti yake, kwa sababu hazidai shahada. Ninyi mnakuja kwa visa ya kuhamia, ile EB-3, na foleni yake ndiyo inayowatesa. H-1B inawagusa madaktari zaidi.

#24 Mkamba_Dallas

Nimepokea, Mzee. Na ni kweli, mimi mwenyewe niliingia kwa EB-3, kusubiri tu miaka mitatu. Furaha ilinichanganya, sikutazama karatasi imeandikwaje 😄

#25 KitabuChaBili

Narudi kwa mleta mada. Umesema vitanda 25. Vitanda 25 kamili?

#26 NesiWaUsiku

25 kamili. Kuna siku tulikuwa na wagonjwa wa ishirini na sita na ishirini na saba, wakabaki kwenye machela dharura usiku kucha. Nikauliza kwa nini tusifungue chumba cha wodi ya wazazi, kipo wazi, kina hewa na kengele. Nikaambiwa hairuhusiwi, tutapoteza hadhi. Sikuelewa hadhi gani.

#27 KitabuChaBili

Hadhi hiyo ndiyo kila kitu. Mwaka 1997 Kongresi iliweka aina ya hospitali ndogo za vijijini zilizo mbali na nyingine, na masharti yake ya sasa ni haya: vitanda visizidi 25, mgonjwa asilale kwa wastani zaidi ya saa 96, dharura iwe wazi saa 24. Kwa kufuata hayo, Medicare haiilipi kwa bei ya kawaida ya kila ugonjwa. Inailipa gharama zake halisi na asilimia moja juu, ukiondoa makato ya jumla ya bajeti. Kitanda cha 26 kinavunja mkataba. Kwa hiyo walikuwa sahihi kukukatalia, ingawa inauma.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa hospitali yako inalipwa kwa gharama, mjadala wa "malipo sawa bila kujali mahali" kwa wagonjwa wa Medicare hauigusi kama unavyozigusa kubwa. Bei inayobishaniwa siyo inayotumika kuilipa. Kwa nini basi wewe unaombwa kuupinga? Hospitali yako ni ya wananchi wa kaunti au imenunuliwa?

#28 NesiWaUsiku

Ilinunuliwa 2021 na mtandao mkubwa, una hospitali majimbo matatu. Walibadilisha kibao na rangi ya kalamu pia 😔

#29 Pilipili Kichaa

Nimekaa kimya. Nitaendelea kukaa kimya.

#30 Mzee wa Baraza

Kwa mara ya kwanza tangu uzi uanze 😂

Lakini msikate tamaa na kila kitu kinachotoka kwa hospitali. Nitawapa mfano mmoja wa kila upande. Mwaka 2018 serikali ilipunguza malipo ya dawa za 340B karibu theluthi, bila kuzifanyia hospitali uchunguzi wa bei ambao sheria inautaka. AHA wakashtaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki 2020, majaji wote tisa, wakarudishiwa dola bilioni 9. Serikali ikiruka hatua, lazima mtu aiambie. Upande wa pili, serikali ilipotaka hospitali zitangaze bei zao hadharani kuanzia Januari 2021, AHA hao hao wakashtaki kuzuia, wakashindwa. Bei mgonjwa asiione kwa faida ya nani?

#31 KitabuChaBili

Mzee nikukosoe kwa heshima: hukumu ya 340B ni Juni 2022. Ya 2020 ni ile ya bei hadharani, ndiyo waliyoshindwa. Na zile bilioni 9 serikali inarudisha nyingi kwa kupunguza malipo mengine ya hospitali, ikianza na nusu asilimia mwaka 2026. Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto unachukua.

#32 Mzee wa Baraza

Ni kweli, 2022. Macho ya uzee. Ahsante mwanangu.

#33 Manzese Juu

Mnajua tofauti ninayoiona mimi kutoka huku? Ninyi mnajua tarehe ya hukumu, tarehe ya sheria, asilimia. Getini Machi 2024 nilisimama na mtoto mgongoni, mlinzi akaniambia "bei mpya", na hadi leo sijui ilikuwa bei ya nini. Huko hospitali zinawatumia, lakini angalau barua imepita mbele ya macho ya nesi na ameiuliza maswali.

#34 Mkamba_Dallas

Hiyo nayo ni kweli. Lakini fundi wa paa hakuipata barua. Alikuwa na mrija kooni.

#35 NesiWaUsiku

Wakuu nimerudi. Nilikuwa nafanya zamu nne mfululizo.

Nimegundua ile fomu inakuruhusu kufuta maneno yao. Nimefuta yote. Nimeandika kwa Kiingereza changu hiki hiki: kwamba naitwa fulani, nafanya kazi usiku, kwamba wenye Medicaid ninaowageuza ubavu saa nane usiku ni wakulima na wajane wao, wasikatwe. Nimeandika wodi ya wazazi, dakika 50, barafu. Nimeandika kuna wakimbizi wanaosafishwa damu ambao watatolewa 1 Oktoba 2026, nikaomba atazame hilo. La mlango sikuliandika. La 340B nimeandika sentensi moja: linda punguzo, lakini hospitali ionyeshe lilikokwenda.

#36 KitabuChaBili

Sentensi hiyo ya mwisho, sidhani kama mtandao wenu ungekuandikia 👏 Ingawa mimi ningeandika na la mlango, upande wa mama mkwe.

#37 Mkamba_Dallas

Na mimi nisingeweka "ionyeshe". Watengeneza dawa wanalishika hilo hilo neno kuliua punguzo lote. Lakini barua ni yako dada, hongera.

#38 Mama Uvira

Nimeonana na yule wa ustawi. Amepiga simu mbele yangu, ameandika tarehe kwenye ukuta wake. Mungu akubariki wewe wa bili, na wewe wa Iowa. Ndugu yangu ameniambia niwaulize, hiyo Iowa kuna mihogo?

#39 NesiWaUsiku

Mama, mihogo tunaendea Des Moines, iliyogandishwa. Mkifika nitawapikia.

#40 Pilipili Kichaa

Swali moja la mwisho, kwa nia njema. Msimamizi aliyekuuliza mara mbili kama umebonyeza, umemuuliza hospitali yenu inapata kiasi gani kwenye 340B na kinaenda wapi?

#41 NesiWaUsiku

Nimemuuliza jana wakati wa kukabidhiana zamu. Alikuwa anavaa koti. Akasimama, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na kwamba ataulizia juu. Naingia tena leo saa moja jioni.